Sura ya Tano: Dereva wa Santiago

Katika miaka ya 1920, tajiri mmoja wa Santiago de Cuba alikuwa na dereva ambaye kazi yake ya pili ilijulikana mji mzima. Mchana alishika usukani. Jua likizama alishika gita, akaenda kusimama chini ya madirisha ya watu. Kabla ya udereva alikuwa fundi wa laini za simu, na kabla ya hapo alipita katika vibarua vya kila aina, kama watoto wengi wa maskini waliozaliwa mashariki ya Cuba mwishoni mwa karne ya 19. Jina lake Miguel Matamoros. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1894, mwaka mmoja kabla ya kuanza vita vya mwisho vya kuwang'oa Wahispania, na alipokuwa na miaka minne manowari za Hispania zilizamishwa na Wamarekani nje ya bandari ya mji wake.

Wanaosimulia maisha yake huzipita mbio kazi hizi za mwanzo ili wafike kwenye santuri na safari. Mimi naona humo ndimo alimosomea. Dereva wa mtu kazi yake kubwa ni kungoja. Atangoja nje ya duka, nje ya benki, nje ya nyumba ambayo mke wa bosi haijui, na huku anangoja anasikia. Fundi wa simu naye yuko juu ya nguzo, mtaa wote uko chini yake, na hakuna anayekumbuka kushusha sauti. Matamoros hakupita chuo chochote cha muziki. Alipita mitaani, na nyimbo zake nyingi, ukizichungua, ni mambo aliyoyasikia akiwa ametumwa kwa shughuli nyingine.

Santiago yenyewe ilikuwa imemtayarishia njia. Ni mji wa miinuko, wenye mitaa inayopanda na kushuka mpaka mahali pengine, kama pale Padre Pico, mtaa umeshindwa kuwa mtaa na kugeuka ngazi. Upande wa pili wa mlango wa bahari kuna Haiti. Watumwa wa kule walipowaangusha mabwana zao mwishoni mwa karne ya 18, walowezi wa Kifaransa walikimbilia Santiago na watumwa waliobaki nao, na watumwa hao wakaja na ngoma zao. Waafrika wengine wengi, wakiwemo watu wa Kongo, walikuwa wameletwa moja kwa moja kutoka bara letu. Utumwa ulifutwa Cuba mwaka 1886, miaka minane tu kabla ya Matamoros kuzaliwa. Wazee aliokutana nao utotoni walikuwa watu waliowahi kuwa mali ya watu.

Kulikuwa na shule mbili za muziki katika mji huo, na zote mbili hazikuwa na jengo. Ya kwanza ilikuwa ya waimbaji wa gita waliojulikana kama trovadores. Mwalimu wao alikuwa Pepe Sánchez, fundi cherahani, ambaye katika miaka ya 1880 alitunga "Tristezas", wimbo unaohesabiwa kuwa bolero ya kwanza ya Cuba. Wahispania nao walikuwa na ngoma yao iitwayo bolero, ya mapigo matatu. Ya Sánchez ilikuwa ya mapigo mawili, ya taratibu, ya kuimbwa na mtu aliyependa au aliyeachwa. Miongoni mwa vijana waliomzunguka alikuwemo Sindo Garay, aliyeishi zaidi ya miaka 100 na kutunga nyimbo zenye mapatano magumu ya sauti bila kujua kusoma nota hata moja. Watu hawa walikuwa mafundi, washona viatu, wachuuzi, watu wa sarakasi. Walilipwa kwa kinywaji kama walilipwa.

Shule ya pili ilishuka kutoka milimani. Huko kwenye mashamba ya kahawa na vijiji vya jimbo la Oriente watu walicheza son. Ala zake zilikuwa tres, gita dogo la nyuzi sita zilizofungwa mbilimbili, bongo, ngoma mbili ndogo za kubana magotini, manyanga, vijiti viwili vya mti mgumu vya kugonganisha, na sanduku la mbao lenye ndimi za chuma za kudonoa kwa vidole, liitwalo marímbula. Ala hii ya mwisho Mgogo yeyote wa Dodoma angeitambua kuwa ni ndugu wa ilimba yake, ila imekuzwa mpaka mpigaji anaikalia, kwa kuwa kazi yake ni kutoa besi. Wimbo wa son una vyumba viwili. Unaingia kwanza kwenye beti, mwimbaji anasimulia kwa utulivu. Kisha mlango wa ndani unafunguliwa: kiitikio kifupi kinarudiwa na kurudiwa, mwimbaji mmoja anachombeza na wenzake wanajibu, na hapo ndipo wachezaji wanapotoka jasho. Watu wa heshima wa Havana waliuona muziki huu kuwa wa watu weusi na wa washamba. Ulifika kwao hivyo hivyo, sehemu kubwa ndani ya mabegi ya askari waliohamishwa kutoka mashariki, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 vikundi kama Sexteto Habanero vilikuwa vimeufanya muziki wa mji mkuu.

Matamoros alitoka shule zote mbili, na hakuona sababu ya kuchagua.

Tarehe 8 Mei 1925 alitimiza miaka 31. Kwenye sherehe nyumbani kwake walikuwepo vijana wawili wa mji huo huo. Siro Rodríguez alikuwa mhunzi mwenye sauti nzito ya kifuani. Rafael Cueto, mdogo kuliko wote, alikuwa mpiga gita. Wakaimba pamoja, na walichokisikia kiliwatosha kuamua. Watatu hao walibaki pamoja kwa karibu miaka 35 bila kubadilishwa hata mmoja. Anayejua maisha ya bendi, mpiga solo anavyotoroshwa usiku na mwimbaji anavyoibwa kwa ahadi ya vyombo vipya, atajua kwamba hilo peke yake ni ajabu.

Kazi ya watatu hawa inafaa kusikilizwa polepole, kwa sababu santuri zao zinadanganya. Ukisikia mara ya kwanza unadhani kuna watu sita. Matamoros aliimba sauti ya kwanza na kudonoa gita lake kwa vidole, akifuma vijia vya nyuzi nyembamba katikati ya maneno. Siro aliimba sauti ya pili, huku mikono yake ikiwa na manyanga. Sauti ya pili katika uimbaji wa Santiago haifuati ya kwanza kama mtoto aliyeshikwa mkono. Ina njia yake. Mara inashuka sauti ya kwanza inapopanda, mara inaingia kwa kuchelewa, na wakati mwingine ndiyo inayobaki kichwani mwako wimbo ukiisha. Ama Cueto, huyo ndiye injini. Aliligeuza gita la kusindikiza kuwa ngoma: mkono wa kulia ulipiga nyuzi za juu kwa kukatakata, ukazizima, ukaruka kwenye nyuzi nene ukatoa besi kabla ya pigo badala ya juu yake. Bongo na marímbula vyote viwili vilikuwa mkononi mwake. Wacuba wanaopiga gita mpaka leo wanausoma mkono huo, na sioni aibu kusema kwamba mtunzi mkubwa wa sura hii asingefika popote bila mpiga rithimu wake.

Mwanzoni walijiita Trío Oriental, yaani watatu wa mashariki. Mwaka 1928 kampuni ya Victor iliwachukua mpaka Camden, New Jersey, ilikokuwa na makao yake, kwenda kurekodi. Huko ikaonekana jina hilo tayari lina mwenyewe, hivyo wakatoka wakiwa Trío Matamoros. Santuri yao ya kwanza ilikuwa na "El que siembra su maíz" upande mmoja na "Olvido" upande wa pili, na ilinunuliwa kwa kasi ambayo watu wa kampuni hawakuitegemea.

Bahati ya tarehe iliwasaidia. Miaka mitatu tu nyuma, mwimbaji alirekodi kwa kupaza sauti ndani ya tarumbeta kubwa la bati, na gita la kudonoa lilisikika kwa shida au halikusikika kabisa. Mwaka 1925 ikaja maikrofoni ya umeme. Ghafla mtu aliweza kuimba kama anavyoimba dirishani kwa mpenzi wake, na kila kidole kikasikika. Kikundi cha watu watatu, gita mbili na manyanga, kisingekuwa na maana ndani ya lile tarumbeta la bati. Na kwa kuwa upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu, Matamoros akajifunza kufungua hadithi, kuigeuza na kuifunga ndani ya muda huo. Nyimbo zake hazina mafuta.

Mwaka huo huo wa 1928, kampuni dada ya Victor upande wa Uingereza, ile ya HMV yenye nembo ile ile ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilimwita Bombay mwanamke kutoka Unguja pamoja na wapigaji wake. Siti binti Saad na Miguel Matamoros hawakujuana. Lakini kampuni mbili zilizokuwa zikitafuta wanunuzi wa gramafoni mbali na Ulaya ziligundua jambo moja karibu wakati mmoja: watu wako tayari kutoa fedha yao kusikia mambo ya mtaani kwao yakiimbwa kwa lugha yao. Siti na wenzake waliimba kesi za mahakamani na fitina za Ng'ambo. Kisa cha Kijiti, mwuaji aliyevuka bahari akakimbilia bara, kilijulikana kwa wimbo kuliko kwa gazeti. Matamoros alifanya kazi hiyo hiyo Santiago.

Hebu tazama alichokiuza. "El que siembra su maíz" unamuulizia mchuuzi mmoja aliyekuwa akijulikana kwa jina la Mayor, ambaye hapiti tena na kelele zake za kunadi. Kaenda wapi? Kiitikio kinamjibu kwa msemo wa wakulima juu ya mahindi na anayeyapanda. Ni hayo tu. "La mujer de Antonio" unahusu mwendo wa mke wa Antonio: anakwenda sokoni, anarudi, na majirani hawana kazi nyingine. "El paralítico" uliandikwa wakati magazeti yalipojaa sifa za Fernando Asuero, daktari wa Hispania aliyedai kutibu waliopooza kwa kugusa mshipa wa fahamu kupitia puani. Matamoros hakubishana naye kwa hoja. Alimwambia mgonjwa atupe magongo yake aje acheze son, na Cuba nzima ikacheka. Nadhani huo ndio uhakiki bora wa tiba ile.

Na "Son de la loma", ulio maarufu kuliko hizo zote kwa wachezaji, umejengwa juu ya swali la mtoto. Kisa kinasimuliwa kwa namna kadhaa, lakini kiini chake hakibadiliki: usiku mmoja waimbaji walikuwa wakipiga gita nje, na msichana akamuuliza mama yake watu hawa wametoka wapi. Swali kama hilo mtu mwingine angelijibu na kulisahau. Matamoros alilichukua lilivyo, akaliweka mdomoni mwa msichana na kumpa mama jibu, na jibu lenyewe ni historia ya son kwa ufupi: wametoka mlimani, wanaimbia tambarare. Mtu akitaka kujua muziki huu ulivyoshuka kutoka mashambani hadi Havana, anaweza kusoma vitabu vinene au anaweza kusikiliza dakika tatu hizi.

Nimesema hakuchagua kati ya shule mbili. Mahali panapolionyesha hilo vizuri ni Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, mwaka 1930.

Watatu hao walikuwa huko kwa maonyesho. Tarehe 3 Septemba kimbunga kilichopewa jina la San Zenón kiliupiga mji huo na kuubomoa karibu wote. Maelfu ya watu walikufa. Trío Matamoros walinusurika, na kwa desturi yao wakatoka na wimbo, "El trío y el ciclón", unaosimulia waliyoyaona. Ni wimbo mzuri wa habari, na kama habari nyingine, leo unahitaji maelezo.

Wimbo wa pili waliotoka nao Santo Domingo hauhitaji maelezo. Inasimuliwa kwamba katika nyumba walimofikia, Matamoros alimsikia mwanamke akilia upande wa pili wa ukuta bila kunyamaza. Alipouliza akaambiwa ameachwa na mwanamume wake. Dereva yule yule wa kungoja na kusikia! Kutokana na kilio kile akatunga "Lágrimas negras", uliotoka kwenye santuri mwaka 1931.

Unaanza kama bolero ya Pepe Sánchez. Aliyeachwa anazungumza, hana ujanja, hatukani, anakiri kwamba ingekuwa haki yake kuchukia na bado hawezi. Sauti mbili zinakwenda taratibu, zimekaribiana, gita zinatembea chini yake kwa adabu. Mwingine angeuishia hapo na tungekuwa na bolero moja nzuri kati ya mamia. Lakini beti zinapokwisha, mkono wa Cueto unabadilika. Pigo linabana, manyanga yanaamka, na mlango wa chumba cha pili cha son unafunguka. Maneno nayo yanageuka: aliyekuwa akilia sasa anasema haachwi nyuma, anafuata, hata kama atakufa. Huzuni ile ile, mtu yule yule, ila sasa viuno vinatikisika. Namna hiyo ya utunzi, bolero mwanzo na son mwisho, ikaitwa bolero-son, na Matamoros ndiye anayetajwa kwanza kila inapozungumzwa.

Wapo wanaouona mgeuko huo kama hila ya kuwanyanyua watu vitini. Sikubaliani nao. Sikiliza mahali unapotokea: hautokei mwimbaji alipochoka kulia, unatokea pale machozi yanapokuwa uamuzi. Mwanamke wa upande wa pili wa ukuta hakuhitaji mtu wa kumwonea huruma kwa dakika tatu mfululizo. Nadhani Matamoros alijua hivyo, labda kwa kuwa alikulia mahali ambapo msiba na ngoma havikuwahi kukaa mbali.

Miaka ya 1930 ilikuwa ya safari. Walizunguka nchi za visiwa na Amerika ya Kusini, wakavuka hadi Ulaya. Nitaipita haraka, maana safari za wanamuziki zinafanana: hoteli, ukumbi, makofi, meli. Jambo la maana zaidi lilitokea nyumbani. Kufikia miaka ya 1940 kumbi za Havana zilitaka sauti kubwa. Son ilikuwa imepata tarumbeta kadhaa, piano na tumba, na gita mbili zilisikika kama mzaha mbele ya umati. Matamoros akakubali. Kila palipohitajika aliwazungushia wale watatu wapigaji wengine, wakawa Conjunto Matamoros, na palipotosha watatu wakabaki watatu.

Bendi hiyo kubwa iligeuka kuwa kitalu. Mwaka 1945, kwa safari ya Mexico, alihitaji mwimbaji mwenye sauti changa, akamchukua kijana aliyekuwa akiimba kwenye baa za Havana kwa kupitisha kofia. Kijana huyo alikuwa akiitwa Bartolomé, kwa kifupi Bartolo. Kazi ilipokwisha akaamua kubaki Mexico, na wenzake wakamtahadharisha kwamba kule Bartolo ni jina la kuitia punda. Akajiita Beny. Ndiye Beny Moré, ambaye Wacuba wengi ukiwauliza watakuambia hajazaliwa mwingine kama yeye. Kwenye viti vya nyuma vya bendi hiyo, kwa zaidi ya miaka kumi, alikaa pia mpiga klarineti kutoka mashariki, Francisco Repilado. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Compay Segundo, akiwa na umri wa karibu miaka 90 na sigara mkononi, baada ya albamu ya Buena Vista Social Club ya mwaka 1997. Walioshangaa wakati huo kwamba mzee huyu katokea wapi wangepata jibu kwenye picha za zamani za Conjunto Matamoros.

Albamu hiyo haikukusudiwa kuwa ilivyokuwa. Mpango wa kwanza ulikuwa kuwakutanisha Wacuba na wanamuziki kutoka Mali, na Wamali hawakufika kwa sababu ya mambo ya viza. Mkutano wa Cuba na Afrika ukaahirishwa. Lakini ulikuwa umekwisha kufanyika zaidi ya miaka 60 nyuma, bila viza ya mtu.

Mwaka 1933 HMV ilianza kutoa mfululizo wa santuri zenye herufi GV kwenye namba zake. Zilikuwa rekodi za Victor za muziki wa Amerika ya Kilatini, zikachapwa upya kwa ajili ya masoko ya Afrika. GV 1 ilikuwa "El manisero" wa Don Azpiazú, wimbo wa muuza karanga uliokuwa umeitikisa New York. Ndani ya mfululizo huo Trío Matamoros walikuwemo. Kwenye karatasi ya katikati ya santuri neno lililoandikwa mara nyingi lilikuwa rumba, kwa kuwa ndilo wauzaji walilolizoea, hata kama ndani yake mlikuwa na son au bolero. Ndiyo maana tangu Matadi mpaka Mwanza watu wamecheza son maisha yao yote wakiiita rumba.

Santuri hizo zilianzia Afrika Magharibi, zikaingia Kongo kwa mabaharia na wafanyabiashara, zikafika Mombasa, Dar es Salaam na miji ya reli. Wasikilizaji hawakujua Kihispania. Habari za Mayor mchuuzi, mke wa Antonio na daktari wa puani hazikuwafikia. Kwao zilikuwa sauti tamu zisizo na kisa. Vijana wa Léopoldville waliimba Kihispania cha kubuni, silabi zinazofanana na walizozisikia, kabla ya kutia Kilingala mahali pake. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya Matamoros aliyoitolea jasho kuliko zote, yaani udaku uliochaguliwa vizuri na kukatwa kwa kipimo, ilibaki Santiago. Kilichovuka bahari ni sauti mbili zinazokwenda njia mbili, gita linalodonoa na jingine linalokatakata, na ule mlango wa ndani unaofunguka wimbo ukifika katikati. Msikilizaji wa dansi hahitaji kuambiwa mlango huo uko wapi. Ni pale bendi za Kongo na za kwetu zilipoacha maneno, gita zikachukua nafasi, na watu waliokuwa wamekaa wakainuka.

Morogoro ilimtoa aliyechukulia jambo hili kwa uzito kuliko wote. Salum Abdallah alikusanya santuri za Cuba kwa shauku ya mgonjwa, na inasimuliwa kwamba ujanani alitoroka nyumbani kwa nia ya kwenda Cuba kwenyewe, lakini akaishia Mombasa. Mwaka 1948 alianzisha bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba. Kwenye santuri zilizotolewa Mombasa kwa jina la Mzuri, yeye na wenzake walitia ndani ya mapigo yale mambo ya mapenzi, ya wivu, ya siasa za uhuru na ya majirani zao wenyewe. Kile kilichokuwa kimeachwa Santiago kikajazwa upya kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1965 kwa ajali ya gari, kijana bado, miaka sita kabla ya Matamoros.

Wale watatu waliweka gita chini mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Cuba ikiwa katika mapinduzi ya Fidel Castro na vilabu vya usiku vikibadilisha wenyewe. Matamoros alirudi kuishi Santiago, akafa huko tarehe 15 Aprili 1971. Siro alimfuata mwaka 1981, na Cueto, yule mdogo wao, mwaka 1991. Mji wao una tamasha la son linaloitwa MatamoroSon. "Lágrimas negras" haujapumzika: mwaka 2003 mpiga piano Bebo Valdés, Mcuba aliyekuwa uhamishoni Sweden, na mwimbaji wa flamenko Diego el Cigala waliipa albamu nzima jina lake, na ikanunuliwa na watu ambao hawakuwahi kushika santuri.

Msomaji anayetaka kumsikia Matamoros mwenyewe asianzie hapo. Asianzie pia kwenye "Lágrimas negras" ya 1931, maana itamfanya adhani huyu alikuwa mtu wa huzuni. Aanze na rekodi za 1928, pamoja na mikwaruzo yake, achague "El que siembra su maíz", na mara ya kwanza amsikilize Matamoros. Mara ya pili amfuate Siro peke yake mpaka mwisho. Mara ya tatu asahau waimbaji wote wawili, asikilize mkono wa kulia wa Cueto, halafu atafute wimbo wowote wa Cuban Marimba na kuusikiliza papo hapo, kabla hajanywa chai.